Meli ya Kuzama Katika Birika la Ubatizo

Mwanangu mpenzi Enesi,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Tunduma. Ukisoma barua hii utakuwa umeshafika Mwanza, umeshuka kwenye basi na vumbi la njia nzima kichwani, kwa hiyo nakusalimu kama mtu wa mbali, ingawa sasa ninapoandika uko chumba cha pili na ninakusikia unafunga begi, unalifungua, unalifunga tena.

Sisi wote hatujambo. Baba yako hajambo, anakusalimu. Yuko nje anajifanya anapanga matairi, na matairi yenyewe ameshayapanga tangu mchana. Bibi yako mzaa baba hajambo, miguu ndiyo ile ile, anasema anakusalimu sana na ujifunike kifua asubuhi, kwa sababu yeye anaamini kila mahali kuna baridi kama ya Mbozi. Mdogo wako Yona anasema shikamoo dada, na anauliza kitanda chako ni chake kuanzia kesho hiyo hiyo au asubiri kidogo kwa heshima. Mama Chanda wa ng'ambo alivuka mpaka wa nchi jioni hii kuniletea habari kwamba nywele zake sasa ni yatima. Anakuambia mwapoleni, salamu yao ya Kibemba, na usiolewe na mvuvi. Hata yule jogoo wa jirani unayemchukia hajambo, tena amenenepa.

Hali yangu mimi nitaisema huko chini nikifika.

Unazijua herufi zangu, zinapanda na kushuka kama njia ya Ileje. Niliishia darasa la nne, vumilia. Kwa mdomo nisingeweza. Nikianza kusema nalia, nikilia unanyamaza, ukinyamaza naanza kuzungumzia chumvi na sabuni. Sasa humu sitaandika habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kutokaa karibu na dirisha la basi. Hayo nimeshayasema mpaka umeacha kuitikia.

Nataka kuandika juu ya ile ahadi.

Jumapili iliyopita nilikushika mkono nikautia ndani ya kiganja cha bibi yako, nikakuambia sema: mwaka ukiisha narudi Tunduma, naacha mambo ya injini za meli huko Mwanza, nakaa kwenye duka la Mama Chanda. Ukasema. Ulisema taratibu, neno moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni. Na unajua kwetu neno lililosemwa mkono ukiwa ndani ya kiganja cha bibi halifutwi na aliyelisema. Anayeweza kulifuta ni aliyelidai, yaani mimi. Tangu siku hiyo hujanibishia hata mara moja. Ungenibishia ningelala. Huo ukimya wako, Enesi, ndio umenifanya nitafute kalamu.

Sijui barua hii itaishia wapi. Naianza nikiwa bado naitaka ile ahadi, nakuambia ukweli. Lakini leo nilipokuwa nafuta vumbi juu ya kabati nimeikuta ile meli yako ya kuzama, nikakaa nayo kitandani muda mrefu, na mawazo yakanirudisha nyuma.

Unakumbuka ilivyofika? Mama Chanda alikuwa amefungua robota la salaula pale kizuizini mpakani, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, na katikati ya makoti likatoka boksi lililobonyea. Juu lina picha ya kitu kirefu cheusi, hakina macho, hakina tanga, kama kambale aliyetengenezwa kiwandani. Ndani vipande vya plastiki vilikuwa bado vimeshikana kwenye fremu yake kama kunde changa kwenye kikonyo. Ulikuwa kidato cha pili. Ukasimama hapo kama umepigwa ganzi.

"Iwe, wewe Enesi," Mama Chanda akasema, "hiyo haina hata soksi ndani. Unaitakia nini?"

"Naitaka tu, mama."

"Chukua, mwana wandi. Lakini kichwa hiki utakisuka mpaka Pasaka."

Na ukakisuka. Kila Jumamosi ulikuwa unavuka kwenda kumsuka, naye anasinzia, anakulalia magotini, na wewe unaona ni bei nzuri.

Siku uliyoileta nyumbani nilimuuliza baba yako hicho ni kitu gani. Akageuza boksi huku na huku.

"Ni meli ya kuzama."

"Imezama wapi?"

"Haijazama. Imetengenezwa ili izame."

"Na watu wamo ndani?"

"Wamo."

"Kwa hiari yao?"

Baba yako akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Wewe ukasema inaitwa nyambizi, mwalimu alikufundisha. Mimi mpaka leo naiita meli ya kuzama, maana jina hilo linasema jambo lenyewe.

Nilidhani utaiunganisha na gundi, utaiweka juu ya kabati karibu na redio, basi, tutakuwa tumepata pambo. Uliiunganisha kweli. Pezi moja lilikosekana, ukalikata kutoka kwenye mfuniko wa ndoo yangu, na ndoo ile haikufunika tena vizuri mpaka ilipokufa. Halafu Yona akavunja gari lake la rimoti, lile ambalo baba yako alilitoa ng'ambo, gurudumu likang'oka, akalia. Ulilitazama gari, ukatazama kabati. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliyaona macho yako nikajua amani ya nyumba imekwisha.

Nakumbuka vitu vile vilivyotapakaa chini ya meza kuliko ninavyokumbuka sherehe ya harusi yangu. Ile sahani ndogo ya kijani yenye nyaya, iliyokuwa tumboni mwa gari, inayosikia rimoti inasema nini. Ukaitia kwenye kikopo changu cha mafuta ya kujipaka, kile chenye kizibo cha kuzungusha, mafuta yenyewe ukayahamishia kwenye kikombe cha chai, na baba yako karibu ayanywe. Mota ukaiweka nyuma. Spoku ya baiskeli ndiyo ikawa mhimili wa kuzungusha panga la kusukuma maji, na panga ndilo lile dogo lililokuja na boksi. Spoku ukaipitisha ndani ya mrija wa kalamu, mrija ukaujaza grisi ya baba yako ili maji yasipate njia. Motaboti nzima ndani ya kitu kisichozidi mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole!

Halafu ukaja uzito. Hapo ndipo ulipochukua beseni langu la kufulia na sikuliona tena mwezi mzima. Mara ya kwanza meli ilielea kwa ubavu kama kuku aliyekufa. Ukamwomba baba yako vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu kubalansi tairi, ukavigandisha tumboni. Ikazama kichwa mbele, mkia juu. Ukakata ndala zangu, zile za bluu, ukatia kipande cha sponji puani. Ikainua pua ikawa kama inaomba chakula. Unahamisha risasi kidogo, unatazama. Unakata ndala, unatazama.

Siku moja nilichoka, nikakuambia, "Sasa si uitie mawe tu izame? Si ndiyo kazi yake?"

Ukanieleza huku umelala kifudifudi, shavu karibu na maji. Ulisema, "Hapana, mama. Haitakiwi kuwa nzito. Inatakiwa iwe inataka kuelea muda wote. Kinachoizamisha ni mwendo, kwa sababu haya mapezi nimeyainamisha. Mota ikisimama, au rimoti isiposikika, inapanda juu yenyewe."

Nikaitikia eeh. Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nafikiri habari ya beseni.

Basi ikabaki mahali pa kuiendesha. Tunduma hii na maji, wewe mwenyewe unajua. Mtu ananunua ndoo anaibeba kama kitoto kichanga. Mto ulio karibu ni tope na ng'ombe. Maji mengi, masafi, yenye kina, yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye birika la ubatizo nyuma ya kanisa letu. Na nani aliyekuwa analijaza? Sisi kinamama. Jumamosi nzima kabla ya ubatizo tunapanda kutoka kisimani na ndoo kichwani tukiimba, shingo zinaingia kifuani. Na kwa sababu maji ni shida, hayamwagwi. Watu wakishabatizwa Jumapili, tunayaacha yatulie, Jumatatu asubuhi tunagawana, huyu wa kufua, huyu wa kufyatulia tofali.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba Mchungaji, hilo ukumbuke pia unaponikumbuka. Nilipiga magoti kabisa. Nikamwambia binti yangu ana meli yake, haili, haichafui, tunaomba mchana wa Jumapili baada ya ibada. Akaniuliza inakwenda juu au chini. Nikasema yote mawili. Akafikiri, akasema, "Maji yatakuwa yameshafanya kazi yake. Ila isitoe mafuta."

Jumapili ile hakuna aliyekwenda nyumbani kula. Kwaya ya vijana yote ilizunguka birika, wengine wamepanda ukuta. Wewe umevaa lile gauni jeupe lenye mikunjo, rimoti mkononi, antena imesimama kama umeshika jani la mtete. Wakaanza kukutania.

"Enesi, inabatizwa jina gani?"

"Imefundishwa katekisimu kwanza?"

"Mzee wa kanisa, mbona haijaungama!"

Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na uzi wangu. Ule uzi mnene wa kushonea magunia ya kahawa, haukatiki hata kwa meno. Nilikuwa nimeuona ule uchungu wako wote wa beseni, na ndala, na vidole vilivyobabuka kwa gundi, nikasema moyoni, ikizama moja kwa moja mtoto wangu atapata wazimu. Nikauleta mbele ya watu wote.

"Tuifunge mkiani," nikasema. "Kidogo tu. Ikipotea tunaivuta."

"Mama, haipotei."

"Nani kakuambia?"

"Mama, inapanda yenyewe. Nilishakueleza."

"Sawa itapanda, lakini na uzi uwepo."

Ulinitazama. Watu walikuwa wanatazama pia, na wewe si mtoto wa kumkatalia mama yako mbele ya kanisa. Ukanipa meli. Nikaifunga mafundo yangu ya gunia.

Mwanangu, ilivyoingia! Ilikwenda juu juu kwanza, kile kibanda chake cha katikati kikikata maji, halafu pua ikainama na mgongo ukafunikwa, ikaingia chini laini, bila kelele, na pale juu maji yakabaki kama hakuna kitu. Bibi yako akasema kwa Kinyiha chake, imekwenda, imekwenda, huyo mtoto amefanya nini. Ukaikatisha kona chini ya maji, tukakiona kivuli chake kinageuka, kinarudi.

Kilikuwa kinarudi kwenye uzi wangu.

Panga likaumeza. Nilihisi kabisa kidoleni, uzi unavutwa, unazungushwa, halafu umekaza. Mota ikanyamaza. Ingekuwa peke yake ingepanda, sasa hivi nalijua hilo, lakini uzi ulikuwa umejisokota kwenye chuma cha ngazi, kile ambacho wabatizwaji wanashika wakishuka. Ikawa imefungwa kule chini, inajivuta kwenda juu, haiwezi. Nami nikafanya nini? Nikavuta. Ukapiga kelele "Mama, acha!" nami nikazidi kuvuta, kwa mikono miwili, kama navuta ndoo. Ukasikika mlio mdogo, tik, mkia ukaachia, na mapovu yakaanza kupanda.

Ukaruka ndani na gauni lako. Kwaya ikapasuka kwa kicheko, "Enesi kabatizwa mara ya pili!" na mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu ya haya. Ukatoka umeikumbatia, maji yanatiririka kutoka kwenye meli na kutoka kwenye nywele zako, hujui lipi ni lipi. Hukulia. Hukunilaumu. Ulisema kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuisikia: "Mama, ilikuwa inapanda."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu. Nilikuwa sijui kwa nini inaniuma zaidi ya matusi.

Na si kwamba nilijifunza siku ile ile. Ulipochaguliwa kwenda ile shule ya bweni yenye maabara, nilisema baridi itakuua, ukabaki kwenye shule ya hapa kizuizini ambayo mwalimu wa fizikia alikuja muhula mmoja akaondoka. Ulisoma fizikia peke yako, kwa kibatari, kwa vitabu vya kuazima kutoka kwa watu wa ng'ambo. Nilikuona. Nilikuwa nakuletea uji na kujiambia, angalau yupo hapa. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Hakunitoa shule kwa ukatili. Njia ya kwenda darasa la tano ilivuka mto, na mto ule ulimchukua kaka yangu, akasema huyu wangu aliyebaki havuki. Akanipenda nyumbani mpaka nikaolewa. Sikumwambia kitu, kama ambavyo wewe huniambii kitu.

Yamenifikia sasa hivi, hapa hapa kwenye karatasi. Ngoja nifute macho.

Nirudi kwenye meli. Ile sahani ya kijani tuliianika kwenye ungo siku nyingi, mimi na wewe tukiigeuza kama mboga ya kukausha. Mkia uliugandisha upya, mrija ukaweka wa kalamu nyingine, na ndani ukaongeza kipande cha mpira wa tyubu. Ubatizo uliofuata ulikuwa baada ya mavuno ya mahindi. Safari hii watu walikuwa wachache, wale watani wako walishasahau. Nilikuja bila kitu mikononi, na mikono isipokuwa na kitu inakuwa mizito, ulishaona? Niliifunga ndani ya khanga.

Maji siku ile yalikuwa na rangi ya chai, wabatizwaji walikuwa wengi. Ikaingia. Haikuonekana hata kivuli. Nilikutazama wewe nikaona huitazami meli kabisa, unatazama upande wa pili wa birika, mahali patupu, na uso wako umetulia. Nikaanza kuimba pambio kimoyomoyo, likaisha, nikalianza tena. Baba yako akaninong'oneza, "Pumua, mama Enesi." Nikamwambia wewe pumua zako.

Na ikatokea. Pale pale ulipokuwa unatazama. Kile kibanda kidogo kikachomoza kwanza, maji yakatiririka juu yake, halafu mgongo wote ukaja, taratibu, kama mtu anayeamka. Sikujua kama nimepiga vigelegele mpaka Mchungaji alipotoka ofisini kuuliza nani ameolewa.

Ukaniambia nishike rimoti. Nikakataa. Ukanishikisha kwa nguvu, ukanionyesha kitufe, nikaizamisha mimi mwenyewe. Halafu nikaachia kidole kama ulivyosema, nikasubiri, na ikaja. Nikaizamisha tena. Tulikaa pale mpaka betri zikaisha, na Jumatatu kinamama wakagawana maji wakilalamika kwamba yananukia grisi. Ya kwangu nilifulia shuka, zikatoa doa. Sikumwambia mtu.

Nilikuahidi kuisema hali yangu. Hali yangu ni kwamba naogopa. Naogopa ziwa, naogopa wanaume wa karakana wanaoshangaa msichana mwenye spana, naogopa jioni ya kwanza utakapoumwa kichwa na asiwepo wa kukufunga kitambaa. Sitaacha kuogopa, usinisubiri niache ndiyo uwe na raha. Wewe endelea na mambo yako nami nitaendelea kuogopa huku huku nikipika.

Lakini nimesimama sasa hivi, nimeiacha barua hii mezani, nimekwenda kwa bibi yako. Alikuwa anaota moto. Nikatia mkono wangu mwenyewe ndani ya kiganja chake. Akaniuliza, "Wewe nawe unaahidi nini na uzee huu?" Nikasema, mama, siahidi. Nimekuja kufuta. Neno nililolidai kwa Enesi nalitoa. Mwaka ukiisha atakuwa pale atakapotaka yeye mwenyewe kuwa. Bibi yako akaufunga mkono wangu, akaufungua, akapuliza kiganjani, fuu. Akasema, "Limekwenda. Nilikuwa nashangaa umechelewa wapi."

Kwa hiyo hudaiwi, mwanangu. Ukipenda injini za meli kaa nazo. Ukizichoka, njoo. Ukija usije kwa sababu ya Jumapili ile. Njoo kwa sababu umetamani ugali wa hapa. Mama Chanda nitamwambia mwenyewe kesho, atanipigia kelele kwa Kibemba na kwa Kiswahili, nitazipokea zote.

Barua hii naiweka begini mwako, katikati ya khanga ya kijani, sitakuambia, utaiona huko huko. Kesho kituoni nitazungumza habari za chumvi na sabuni, unijue tu.

Ila jibu upesi. Usingoje uwe na habari nzuri, na usingoje karatasi safi. Mpe hata dereva wa lori anayeshuka huku, amuulize fundi tairi pale kizuizini, kila dereva anamjua baba yako. Mistari miwili inatosha. Umefika, na kama ulilala. Nitakuwa nauliza kila lori linalosimama.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Mama Enesi